Mama Mkia na mjukuu wake: mfungashaji anayelea kwa Kiingereza cha lori

Saa mbili asubuhi. Katika sebule ya ghorofa ya tatu, wanaume wanne wenye misuli wamesimama wima, mikono nyuma, macho yote kwa mwenye nyumba. Mbele yao kuna mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa kichwani, selotepu kaivaa mkononi kama bangili.

Mwenye nyumba ni mama wa kigeni anayehama na familia yake. Ananyoosha kidole ukutani. "Take," anaanza kwa Kiingereza, halafu anaondoka na safari ndefu: kioo kile kikubwa, kile alichopewa na shangazi yake siku ya harusi, ambacho kusema kweli hakuwahi kukipenda, lakini shangazi mwenyewe ni mtu wa kununa, sasa mtu angefanyaje? Kahawa inapoa kikombeni. Wanaume wanne hawagusi kitu.

Mwishowe neno la mwisho linatoka: "down."

"Teremsha," anasema yule mwanamke mfupi, na wanaume wanne wanakwenda ukutani kwa pamoja.

Huyo ndiye Mama Mkia. Jina lake la kuzaliwa analijua yeye na karani wa mishahara. Kwa wengine wote, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, ni Mama Mkia, kiongozi wa wafungashaji katika kampuni ya kuhamisha watu nyumba. Ana umri wa miaka hamsini na minane na magoti yanayolalamika kila penye ngazi.

"Wateja wanatusifu kwamba tuna adabu, tunasikiliza mpaka mtu amalize," anasema huku akizungushia kioo kile blanketi nene la kijivu. "Adabu tunayo, sikatai. Lakini pale tulikuwa tunasubiri mkia."

Mkia ni neno lake la kazi. Anaeleza kwamba Kiingereza cha darasani na Kiingereza cha mtu anayehama nyumba ni watoto wa baba mmoja waliolelewa mbalimbali. Cha darasani kina maneno mazito yanayojitegemea. Cha mtu anayehama kina vitenzi vichache vyepesi, kila kimoja kinatembea na kamkia kake nyuma, na mara nyingi kamkia kenyewe kanachelewa kufika.

"Take ni ileile," anasema. "Ikija na 'down' unateremsha. Ikija na 'apart' unatafuta bisibisi, unakifungua kitu vipande vipande. Ikija na 'out' unatoa nje. Ikija na 'back', basi rudisha ulikokitoa na ujilaumu mwenyewe kwa haraka zako. Sisi kwenye Kiswahili mambo yetu tunayamalizia ndani ya kitenzi, funga, fungua, fungia, fungasha. Wenzetu wameamua kuyatundika nyuma. Kila mtu na nyumba yake."

Ndiyo maana sheria ya kwanza anayompa mfanyakazi mpya haihusu kubeba. Ni kwamba asiguse kitu mpaka mkia utoke. Mpagazi mmoja mwenye kifua kipana, ambaye wenzake wanamwita Kabati kwa sababu ya vitu anavyobeba peke yake, anasema alipoanza kazi aliona ni upuuzi mtupu.

"Nilimwambia, Mama, mimi nimeajiriwa kubeba, si kusoma," anasema Kabati. "Akaniwekea boksi tupu mezani. Akawa anasema 'put' na mkia tofauti kila mara, mimi natenda. Boksi likashuka, likapanda, likarudi, likaenda kabatini. Nilitoka jasho kuliko siku ya kubeba piano."

Kabati anacheka, lakini Mama Mkia hacheki sana. Anafunga mkanda juu ya blanketi, anaupiga kofi dogo kama mtu anayemuaga mgeni, kisha anatazama dirishani. Jumapili inakuja, na Jumapili hiyo mtoto wake mkubwa atafika na gari kumchukua mjukuu wake.

Mjukuu huyo ni msichana wa miaka saba. Alizaliwa ng'ambo, ambako baba yake, mtoto mdogo wa Mama Mkia, anaendesha malori ya masafa marefu. Mama yake mtoto alikuwa mwenyeji wa huko. Aliugua, akafariki mwaka jana. Baba alijaribu kulea peke yake, lakini kazi yake inamlaza barabarani wiki nzima, na majirani nao huchoka. Akamleta mtoto kwa bibi yake, akakaa naye kidogo, akarudi kazini.

Mtoto alifika akijua Kiingereza tu, kwa Kiswahili hana hata neno la kuombea maji.

"Watu wakaniambia, wewe una bahati, Kiingereza unakijua," anasema Mama Mkia. Tumeketi juu ya maboksi wakati wa mapumziko, kila mmoja na chai yake. "Nikawaambia, changu ni cha lori. Nimekiokota majumbani mwa watu, humu humu kwenye vumbi. Mtu anapiga kelele 'hold on', 'watch out', 'push it in'. Utamwambiaje hayo mtoto aliyefiwa? Niliona haya."

Aliona haya kweli, na haya hiyo nusura imgharimu mjukuu. Mtoto wake mkubwa, anayefanya kazi benki katika mji mwingine na mwenye Kiingereza kizuri cha ofisini, alijitolea kumsaidia. Kila jioni alimpigia simu mama yake na kumfundisha sentensi za heshima. Asubuhi Mama Mkia anazisema mbele ya kitanda cha mjukuu, amesimama wima, mikono imeshikana mbele.

"Nilikuwa namuuliza kama natoa hotuba. Ninatumaini umepumzika vizuri. Je, unahitaji kitu chochote. Na yeye ananijibu 'No, thank you', anatazama sakafu." Anatikisa kichwa. "Bibi na mjukuu wake, tunaishi kama wageni rasmi. Mimi niliyekuwa nangoja kumwita mke mwenzangu na kumtania mpaka acheke!"

Siku zikapita, mtoto akazidi kunyamaza. Anakula anachopewa, anaoga akiambiwa, anakaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango. Kwenye simu na baba yake anasema yuko salama. Hakulia hata mara moja, na Mama Mkia anasema hilo ndilo lililomtisha.

Mtoto wake mkubwa aliposikia hivyo, alitoa shauri la upole. Mtoto ahamie kwake. Watoto wake wanasoma shule ya Kiingereza, nyumba ina nafasi, mkewe yuko nyumbani. Mama anaondoka alfajiri na lori, anarudi amechoka. Atamlea vipi mtoto asiyeongea naye?

"Hakusema kwa ubaya," anasema Mama Mkia. "Yule mwanangu ana moyo mweupe. Nikamwambia sawa, njoo Jumapili ya kabla shule hazijafunguliwa. Nilipokata simu nikakaa chini jikoni. Nilihisi nimeshindwa. Nimehamisha mabalozi na mapiano, mtoto mmoja wa kilo ishirini kanishinda."

Kilichomnyamazisha mtoto hakikuwa lugha. Kilikuwa blanketi, na mwizi wake alikuwa bibi mwenyewe, tena kwa uaminifu wote.

Ili mambo yaeleweke lazima turudi nyuma miaka kumi na ushee, siku mtoto wake mdogo aliposafiri kwenda ng'ambo. Mama Mkia ndiye aliyemfungashia mizigo. Redio ya kijana ilikuwa rahisi kuvunjika, akaizungushia blanketi moja la kazini, la kijivu lenye mshono wa buluu pembeni, akijiambia atamtuma mtu alirudishe stoo. Hakuna aliyetumwa. Kila mwaka blanketi zikihesabiwa stoo, moyo unamdunda kidogo, kisha anasahau.

Siku mjukuu alipofika, baba yake alitoka kuwaamkia rafiki zake. Mama Mkia akabaki anafungua mizigo, na kufungua mizigo kwake si kazi ya kumtuma mtu mwingine. Katikati ya sanduku akakuta taa ndogo ya kitandani imezungushiwa blanketi la kijivu lenye mshono wa buluu, kona nne zimeingizwa ndani kama anavyofundisha yeye.

"Nilicheka peke yangu! Nikasema, huyu kijana kumbe alinisikiliza. Na blanketi letu hilo, miaka yote hiyo, leo linarudi. Nikaitoa taa, nikalikung'uta, nikalikunja mkunjo wa kazini, nikalitia kwenye mkoba. Kesho yake likaenda stoo. Nilijiona mtu mwadilifu sana, siku hiyo nilitembea kifua mbele."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia kila kitu.

Asichokijua Mama Mkia siku hiyo ni kwamba kule ng'ambo lile blanketi halikuwa tena la kufungia mizigo. Mkwe wake alilipenda. Alimfunika nalo mwanawe tangu mchanga, akamsomea hadithi chini yake, na katika ugonjwa wake wawili hao walilala humo humo. Ndani ya ndege, baba alimwambia mtoto kwa nia njema kwamba sasa amekuwa mkubwa, iko siku itabidi aachane nalo. Basi bibi alipolikunja na kuondoka nalo, mtoto akajua siku yenyewe ndiyo hiyo, na kwamba watu wazima wameshakubaliana.

Hakuuliza. Alikuwa ameambiwa asimsumbue bibi.

Ukweli ulitoka asubuhi moja kwa sababu ya kuchelewa. Jirani anayemwangalia mtoto mchana alipata dharura, hivyo Mama Mkia ikabidi aende na mjukuu kazini. Maji yalikuwa yamekatika, kiatu kimoja hakionekani, lori linapiga honi nje. Zile sentensi za benki zikamponyoka zote.

"Nikasahau adabu," anasema. "Nikaanza kumwita kama ninavyowaita kina Kabati. 'Come on! Hurry up! Put your shoes on, pick that up, hold on to me, watch out!' Mpaka tunafika ngazini nikashtuka. Nikasema, Mungu wangu, nimemfokea yatima."

Aligeuka kumtazama. Mtoto alikuwa amesimama ngazi moja juu yake, viatu kavaa, mkoba kaokota, mkono umeshika sketi ya bibi yake kama alivyoamriwa. Na alikuwa anatabasamu. Akasema kwa Kiingereza, "Unaongea kama mama."

Mama Mkia anaweka kikombe cha chai chini anaposimulia hapa. Anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, halafu anasema ni vumbi.

"Si unaelewa? Hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Hakuna mama anayemwambia mwanawe ninatumaini umepumzika vizuri. Mama anasema amka, vaa, vua, njoo, shuka hapo, maliza. Kule kwao yote hayo ni mikia mitupu. 'Wake up, sit down, eat up, come in.' Mimi nilikuwa nayo yote kichwani, nimeificha kama nguo chafu, namletea mtoto hotuba!"

Pale pale ngazini mtoto akauliza swali alilolificha siku zote zile. Aliuliza blanketi lake liliwekwa wapi.

"Nikamuuliza blanketi gani. Akanieleza. Nikakaa kwenye ngazi, na lori linapiga honi."

Stoo ya kampuni ni jengo refu la bati lenye mlango mmoja mkubwa. Ndani, upande wa kushoto, zimerundikwa blanketi karibu mia sita. Zote ni za kijivu. Zote zina mshono wa buluu pembeni, kwa kuwa meneja alizinunua kwa mkupuo mmoja na hataki kusikia rangi nyingine.

Alama ilikuwa moja tu, alisema mtoto: kona moja imetafunwa. Ni yeye aliyeitafuna akiwa mdogo.

Wapagazi waliokuwepo walikusanywa. Mama Mkia aliwaeleza kwa maneno machache, bila kujipamba, kwamba amekosea na anaomba msaada. Walianza kushusha marundo, kila mmoja anatazama juu juu na kutupa pembeni. Mtoto alisimama akiwaangalia, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Turn it over," alimwambia Kabati.

Kabati aligeuza blanketi upande wa pili.

"Nilifanya kabla sijafikiri," anasema Kabati. "Kasauti kadogo, lakini amri ni ileile ya kila siku. Akasema 'put it down', nikaweka. 'Pick up that one', nikaokota. Akamwonyesha mwenzangu, 'not that end', yule akazungusha. Baada ya muda mfupi kila mtu anamsikiliza yeye, Mama Mkia mwenyewe anakunja pembeni. Tukasema leo tumepata bosi."

Kutoka kwenye kile kiti chake cha karibu na mlango, mtoto ambaye kutwa nzima hakuzidisha maneno matatu sasa alikuwa anatembea katikati ya wanaume wenye mabega mapana, anaelekeza kwa kidole, anakemea uvivu. Na wote walimwelewa. Walikuwa wamefundishwa Kiingereza hicho hicho, na bibi yake, kwa boksi tupu.

Lakini blanketi halikuwemo. Walipofika sakafuni, mtoto alikaa juu ya rundo la mwisho na kukunja uso. Lililobaki lilikuwa lori moja lililotoka alfajiri na blanketi zake, nalo halirudi mpaka mchana.

Mama Mkia anasema saa zile za kungoja getini zilikuwa ndefu kuliko safari zote alizowahi kwenda. Alijua kwamba likiwa limepotea, limepotea kwa mkono wake. Alijua pia kwamba Jumapili mtoto ataondoka, na atakachomkumbukia bibi yake ni hicho.

Lori liliporudi walishusha blanketi zote, wakazigeuza kona kwa kona. Halikuwemo. Dereva, mtu mzito asiye na haraka maishani, ambaye wanamwita Taratibu, alikuwa bado ameketi kwenye usukani akimalizia karanga zake na kushangaa kulikoni.

Mtoto alipanda ngazi ya lori ili achungulie ndani. Akaona kitu cha kijivu kimejitokeza chini ya mapaja ya Taratibu, na pembeni yake kona iliyotafunwa.

"Get off!" alipiga kelele.

"Niliruka!" anasema Taratibu, na bado anaonekana kama mtu anayeona aibu. "Kazini ukisikia 'off' unatoka kwanza, maswali baadaye, maana pengine friji linakuja kichwani. Nilikuwa chini na karanga zangu kabla sijajua kosa langu. Kumbe nimemkalia mtoto wa watu blanketi lake. Lilikuwa laini kuliko mengine, mgongo wangu ukalipenda. Ningejua, ningekalia misumari."

Mtoto alilikumbatia palepale kwenye kiti cha dereva, akazika uso ndani. Wapagazi wakapiga makofi. Mama Mkia alipanda, akalisogeza puani, na hapo ndipo furaha ilipomwishia.

"Lilikuwa linanuka dizeli na jasho," anasema polepole. "Harufu ya mama yake, kama ilikuwepo, mimi ndiye niliyeimaliza. Nikalia. Sikujificha, nililia mbele ya vijana wangu wote."

Mtoto alimtazama bibi yake akilia, akampigapiga mgongoni. Akamwambia kwa Kiingereza maneno mafupi yenye mkia ambao Mama Mkia hakuwahi kuusikia kwenye kazi yote aliyofanya: "It'll wear off." Ikabidi bibi aulize maana yake. Mtoto akaeleza kwa mikono kwamba harufu ya dizeli haitakaa, itapungua kidogo kidogo mpaka iishe yenyewe. Jioni hiyo walilala wawili chini ya blanketi hilo, dizeli na yote.

Mtu angedhani hadithi imeishia hapo. Lakini ahadi ya Jumapili ilibaki palepale, na Mama Mkia hakuivunja. Kila alipotaka kumpigia simu mtoto wake mkubwa amwambie asije, alikumbuka taa, mkoba, na stoo. Mtu aliyefanya kosa kama lile, alijiuliza, ana haki gani ya kung'ang'ania? Na shule je? Na alfajiri za lori?

Jumapili mwandishi wa makala haya alikuwa nyumbani kwa Mama Mkia, vyumba viwili na jiko, kila kitu kimepangwa kiasi kwamba mgeni anaogopa kuketi. Mtoto wake mkubwa alifika saa nne, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliingia kwa kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za njiani?"

"Njema tu. Yuko wapi bibi harusi wetu?"

Alimsalimia mtoto kwa Kiingereza kizuri, taratibu, akamweleza kwamba ndugu zake wanamsubiri na wamemwandalia kitanda. Mtoto aliitikia kwa heshima. Aliitikia vizuri mno, kama alivyokuwa akiitikia siku zile za hotuba.

"Baba yako mkubwa anasema kweli," Mama Mkia aliniambia mimi, ingawa sikuwa nimeuliza kitu na mimi si mpwa wa mtu pale. Alikuwa amechanganyikiwa. Aliinuka akaingia chumbani. Tukasikia zipu ya sanduku.

Mtoto alimfuata mpaka mlangoni. Bibi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakunja nguo ndogo moja baada ya nyingine mkunjo wa kazini, haraka na kwa usafi, mikono inajiendea yenyewe.

"Bibi," mtoto alisema. "Are you giving me away?"

Katika kazi ya Mama Mkia maneno hayo, 'give away', yana rundo lake. Ni rundo la vitu ambavyo mwenye nyumba hahami navyo na wala havitupi. Bado vizuri, lakini safari hii havimo, basi vinagawiwa watu wengine. Amelipanga rundo hilo katika kila nyumba aliyowahi kufungasha.

Mikono yake ilisimama. Aliiweka chini nguo aliyoishika.

"No," alisema. Kisha akalirudia kwa sauti kubwa, mpaka mtoto wake mkubwa akasimama kitini. "No!"

Alimvuta mjukuu wake kifuani, na mtoto ambaye hakuwahi kulia tangu afike, akalia. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, kwa makamasi, na bibi yake akamwachia alie, wote wawili wamekaa sakafuni katikati ya nguo.

Baadaye sana Mama Mkia alitoka, kitambaa kimelegea kichwani. Alimkabili mtoto wake mkubwa.

"Mwanangu, nisamehe kwa safari ya bure. Mtoto anakaa."

"Na shule, mama?"

"Iko hapo nyuma ya stoo. Nimepita mbele yake miaka yote hii."

"Na alfajiri?"

"Kesho namwona meneja. Mwambie mkeo asante, kile kitanda alichoandaa kitatufaa tukija kuwatembelea."

Mtoto mkubwa alimtazama mama yake, akacheka, akavua koti. Alisema kusema kweli alikuwa na wasiwasi njia nzima, hakujua kama anakwenda kusaidia au kung'oa. Alikaa mpaka jioni, akala, akapigwa na mjukuu michezo mitatu mfululizo ya karata, na kufokewa kwa udanganyifu.

Meneja alikubali. Kuanzia mwezi ujao Mama Mkia hatapanda lori. Atakaa stoo, atafundisha wafungashaji wapya na kupanga vifaa, kazi inayoanza kukiwa kumeshakucha na kuisha shule ikitoka. Malipo yake ni pungufu kuliko ya safari, na anasema atabana hapa na pale. Magoti yake, anaongeza, yameshafanya sherehe.

Kuhusu lugha, hana haraka tena. Asubuhi anamwamsha mtoto kwa Kiingereza cha lori, mikia yote nje, na jioni anamrudishia mambo yaleyale kwa Kiswahili: vaa, vua, vulia hapo, njoo, njoo huku nimekwambia. Mtoto ameshajua kukataa chakula, kuomba chakula kilekile alichokikataa, na kumwita Kabati mvivu.

Namuuliza Mama Mkia anatumaini nini kwa mjukuu wake. Nategemea atasema awe daktari, au arudi ng'ambo kusoma, kama wasemavyo bibi wengi. Anafikiri kidogo.

"Nataka anijibu jeuri," anasema. "Sasa hivi akiudhika bado ananiambia 'sorry, Bibi', kama mgeni. Nataka siku moja nimtume dukani, abinue mdomo, anijibu jeuri kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele za watu. Siku hiyo nitamfinya, halafu nitampigia baba yake simu nimwambie mtoto amefika."